Redio haishiki? Anza na saa, mahali na waya

Mtu akinijia na kuniambia "kwetu redio haishiki," namuuliza mambo matatu kabla sijaigusa redio yake: unatega masafa gani, unategea saa ngapi, na redio unaiweka wapi? Mara nyingi dawa imo ndani ya majibu hayo. Mimi ni fundi wa redio, na wateja ninaowahangaikia kuliko wote ni wale wa mbali: wafugaji, wavuvi, walimu wa shule za pembezoni, watu wasiofikiwa na mtandao wa simu, ambao tangazo la mafuriko likiwapita hawana pengine pa kulisikia. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe: kwanza yale yasiyogharimu chochote, kisha waya, na vya kununua mwisho.

Jua unawinda wimbi gani

FM, yaani megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita ambazo wimbi linafika kabla ardhi haijajipinda na kulificha. Mnara wa mita 100 unakupa kilomita 41. Antena yako nayo ikiwa mita 9 juu ya ardhi, inaongeza kilomita 12 hivi. Jumla ni 53, tena kwenye uwanda usio na kilima. Mnara ukijengwa juu ya mlima, hesabu inapanda sana. Mlima ukiwa katikati yako na mnara, hesabu inavunjika.

Masafa ya kati, kuanzia kilohezi 530 hadi 1,600 hivi, mchana hutambaa juu ya ardhi. Hupenda maji ya chumvi na udongo wenye unyevu. Kwenye mchanga mkavu na miamba huchoka mapema. Usiku ni habari nyingine, nitaifikia.

Masafa mafupi ndiyo mkombozi wa waliosahaulika na minara. Wimbi linapanda hadi ionosfea, tabaka la hewa lililochajiwa na jua, linapindwa na kurudi chini maelfu ya kilomita kutoka lilikotoka. Mwezi Desemba 1901 Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alisema amepokea ishara Newfoundland iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, na wengi walishangaa imepitaje mgongo wa dunia. Mwaka uliofuata wanasayansi Kennelly na Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba kuna tabaka angani linalorudisha mawimbi. Mwanasayansi mwingine, Appleton, alilithibitisha mwaka 1924. Ndilo tabaka hilohilo linalokuletea sauti leo hata kama mnara wa karibu uko nchi nyingine.

Kwa hiyo amua mapema. Kama mnara wa FM ulio karibu uko kilomita 200 na haukai juu ya mlima mkubwa, usitumie senti yako kwenye antena ya FM. Nenda masafa ya kati usiku na masafa mafupi wakati wote. Kama uko kilomita 40 hadi 80 na tatizo ni vilima, basi FM inafaa kupiganiwa.

Saa

Mchana jua hutengeneza tabaka la chini kabisa la ionosfea, ambalo humeza mawimbi ya masafa ya kati kabla hayajafika juu. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka kwa haraka, na mawimbi hupata njia ya kwenda juu na kurudi. Ndiyo maana kituo kilicho kimya kutwa nzima kinaweza kuingia saa mbili usiku kikiwa safi kabisa, kutoka kilomita 800 au zaidi. Nimewahi kupokea redio zilizoletwa kwangu "zimekufa" ambazo hazikuwa na ubovu wowote. Hakuna aliyekuwa amezifungua gizani kwenye bendi hiyo.

Fanya hivi. Nusu saa baada ya machweo, weka redio kwenye masafa ya kati na uanze kutega taratibu kutoka chini kwenda juu. Kila ukisikia mnong'ono, usiendelee mbele. Simama na uizungushe redio yenyewe, mwili mzima, robo duara. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena ya bendi hii. Kwa kawaida kimelala kwa urefu wa redio upande wa juu. Ubavu wake husikia vizuri, ncha zake ni viziwi. Kuvuta antena ya chuma hakusaidii kitu hapa kwenye redio nyingi, ingawa karibu kila mtu huivuta.

Uziwi wa ncha una faida kubwa. Usiku vituo viwili hupandana kwenye masafa yaleyale. Izungushe redio hadi ncha ya kijiti ielekee kwa yule usiyemtaka: atafifia, na unayemtaka atabaki. Ukishapata mwelekeo, weka alama mezani kwa chaki ili kesho usianze upya.

Wenye redio za tarakimu, zile zinazoonyesha masafa kwa namba, waangalie jambo moja zaidi. Nchi za Amerika hupanga vituo vya masafa ya kati kila baada ya kilohezi 10; kwingine kote ni 9. Redio nyingi zina swichi au mpangilio wa kuchagua. Ukiwa umekaa vibaya, redio inaruka juu ya vituo bila kuvigusa, na mwenyewe anaamini bendi ni tupu.

Kwa masafa mafupi kanuni ni rahisi: mchana panda, usiku shuka. Bendi za mita 19 na 16, yaani megahezi 15.1 hadi 15.8 na 17.5 hadi 17.9, huwa hai jua likiwa juu. Jioni rudi mita 31 na 25, megahezi 9.4 hadi 9.9 na 11.6 hadi 12.1. Usiku mkuu tafuta mita 49 na 41, karibu na megahezi 6 na 7.3. Alfajiri na magharibi ni saa za neema, kwa sababu njia ya wimbi ikipita kwenye mpaka wa mwanga na giza hupotea kidogo sana. Jua nalo lina mzunguko wake wa takriban miaka 11. Linapokuwa na madoa mengi bendi za juu huchangamka, likitulia bendi za chini ndizo za kutegemea.

Usikate tamaa kituo ulichokizoea kikitoweka ghafla mwishoni mwa Machi au mwishoni mwa Oktoba. Watangazaji wa masafa mafupi hubadilisha ratiba Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo miwili, wakifuata majira. Kituo hakijafa, kimehama. Tembeza kinobu kwenye bendi ya jirani saa ileile na mara nyingi utaikuta sauti unayoijua.

Mahali, kwa wanaopigania FM

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa wanachofundishwa ni "panda juu" basi. Kupanda juu ni kuzuri, lakini si kila mtu anaishi kileleni, na si kila mzee anaweza kukwea kusikiliza taarifa ya habari.

Kama nyumba iko chini kabisa ya kilima kinachokukinga na mnara, hatua za kwenda mbali na kilima zinaweza kukusaidia kuliko hatua za kukikaribia. Wimbi linapopita juu ya ukingo wa kilima hujipinda kidogo kuelekea chini, na kadiri unavyosogea nyuma, ndivyo pembe ya kupinda inavyopungua na sauti kuongezeka. Jaribu ukingo wa mbali wa shamba. Pia tazama mteremko ulio ng'ambo ya bonde, ule unaoukabili mnara: mara nyingi unapokea moja kwa moja, na hata kurudisha sehemu ya wimbi kwako. Basi elekeza antena huko, hata kama ni kinyume na mnara uliko.

Ndani ya nyumba, sogeza redio kidogokidogo. Kwenye megahezi 100 urefu wa wimbi ni mita 3, na pale mawimbi yaliyorudishwa na ukuta au bati yanapogongana, mahali pa kimya na mahali pa sauti huachana kwa chini ya mita moja. Nimeona redio ikikoroma upande mmoja wa dirisha na kuimba upande wa pili. Paa la bati na kuta zenye nondo huzuia sana, kwa hiyo dirisha au kibaraza kwanza. Inamishe antena ya chuma pande zote, kwani vituo vingine hutuma wimbi lililosimama na vingine lililolala. Na usiivute yote kwa mazoea: robo ya wimbi kwenye FM ni sentimita 75 hivi, zaidi ya hapo kunaweza kupunguza.

Kama redio ina swichi ya stirio, izime. Stirio inahitaji nguvu ya ishara kubwa kuliko mono, kubwa mno. Kwa mtu wa pembezoni kuacha stirio ikiwaka ni kujiletea mvumo wa bure.

Waya

Sasa tunafika kwenye kazi ya mikono, na ndiyo ninayoipenda.

Kwa masafa mafupi, tafuta waya wowote wa shaba wenye urefu wa mita 10 hadi 15, hata ule uliotolewa kwenye mashine mbovu. Unyooshe kutoka dirishani hadi kwenye mti au nguzo ya mbao, juu kadiri unavyoweza. Mita 4 inatosha, 6 ni bora. Kwenye ncha zote mbili usiufunge moja kwa moja; weka kipande cha plastiki au kamba ya nailoni katikati ya waya na mti, ili ishara isivuje kwenye tawi lililolowa. Ncha ya ndani ibane kwenye antena ya redio kwa klipu ya meno. Ukiweza, chomeka chuma cha urefu wa mita moja kwenye udongo wenye unyevu, uvute waya kutoka hapo hadi upande hasi wa betri. Ethi hiyo hupunguza kelele na kuongeza uzito wa sauti.

Redio ndogo zina udhaifu mmoja: zikilishwa ishara nyingi kupita kiasi huchanganyikiwa, kama mtu anayesemeshwa na umati kwa mara moja. Utasikia kituo kimoja mahali patano, au vituo viwili vinaongea pamoja. Dalili hiyo ukiiona, toa klipu. Badala yake zungusha ncha ya waya wenye ganda mara tano au sita kwenye antena bila chuma kugusa chuma. Ishara itapita bado, kwa kiasi ambacho redio inakimudu.

Kwa FM, tengeneza antena ya mikono miwili. Gawa 7,125 kwa megahezi za kituo unachokitaka. Jibu ni urefu wa kila mkono kwa sentimita. Kituo cha megahezi 95 kinakupa 75. Kata vipande viwili, vipigilie kwenye ubao uliokauka vikiwa vimenyooka, ncha za katikati ziachane kwa sentimita moja au mbili. Unganisha kebo ya antena ya televisheni: waya wa kati kwenye mkono mmoja, wavu wa nje kwenye mwingine. Pandisha ubao juu ya mlingoti wa mbao, ubavu wake ukikabili mnara. Ukisikia hafifu, usimamishe wima ujaribu tena. Chini, kama redio haina tundu la antena, waya wa kati ubane kwenye antena ya chuma na wavu wa nje kwenye upande hasi wa betri. Fanya hivyo kwa redio ya betri tu, kamwe si ile iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani.

Ukitaka zaidi, kuna antena ya Yagi, ile yenye vijiti vingi kwenye mhimili mmoja, iliyobuniwa Japani na Uda pamoja na Yagi mwaka 1926. Inavuta kutoka upande mmoja tu, na kwa mtu aliye kwenye ukingo wa kusikia ndiyo inayoleta tofauti kati ya mvumo na habari.

Kwa masafa ya kati, waya mrefu si lazima. Tengeneza fremu. Funga mbao mbili msalaba, upate mraba wenye upande wa sentimita 60. Zungushia waya wenye ganda mara 14, mizunguko ikiachana kwa nusu sentimita hivi. Utahitaji mita 34. Ncha mbili ziunganishe kwenye kapasita ya kuzungusha, kile kifaa cha kutegea vituo, iliyotolewa kwenye redio mbovu ya zamani, ile ya pikofaradi 365 hivi. Hakuna betri, hakuna waya wa kwenda kwenye redio. Isimamishe fremu mezani, weka redio karibu na katikati yake, kijiti cha feraiti kikitazama upande uleule ambao mtu angetazama akichungulia kupitia fremu. Tega kituo hafifu, kisha zungusha kapasita polepole. Kuna mahali ambapo sauti itaruka ghafla. Kama vituo vya juu ya bendi haviitikii, punguza mzunguko mmoja. Kama ni vya chini, ongeza. Sijaona kifaa cha dukani kinachowapa watu furaha kiasi hiki kwa gharama ndogo hivi.

Tahadhari mbili, na nazisema kwa uzito wote. Usipitishe waya juu, chini au karibu na nyaya za umeme, kwa sababu siku utakapokatika na kuangukia huko utaua mtu. Na mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa antena ya nje mapema, uitupe nje ya nyumba. Mikwaruzo ya kupasukapasuka kwenye masafa ya kati huwa ni radi iliyo mbali, hata kama anga lako ni jeupe. Ichukue kama onyo la kujiandaa. Ukishaanza kusikia ngurumo kwa masikio, umechelewa kuugusa waya. Uache, ukae mbali nao.

Kelele unazozifuga mwenyewe

Mtu wa mbali ana utajiri ambao mtu wa mjini hana: hewa yake ni tulivu. Usiiharibu. Chaja ya simu, inveta, taa za LED za bei nafuu na chaji kontrola ya sola hutoa mvumo unaofunika masafa ya kati na masafa mafupi yote. Weka redio kwenye betri, kisha zima kitu kimoja baada ya kingine ukisikiliza. Ukimpata mhalifu, mtenge kwa mita kadhaa au mzime saa ya habari. Kwa mwenye sola, chaji betri mchana na usikilize kwa betri hizo usiku, paneli ikiwa imelala.

Kuhusu betri zenyewe: usichanganye mpya na kuukuu, zitoe redio ikikaa bila kutumika, na utumie hedifoni. Hedifoni hula umeme kidogo sana kuliko spika, na sikio husikia maneno hafifu ambayo spika huyameza. Redio ya kuzungusha kwa mkono ni nzuri kuwa nayo kwa dharura.

Usinunue kikuza ishara kabla ya kuwa na antena nzuri. Kinakuza kelele pamoja na sauti. Na usishawishike kununua kitransmita cha kurusha FM kijijini bila leseni. Mara tu baada ya megahezi 108 huanza masafa ya ndege, na vitransmita vya ovyo humwaga uchafu huko.

Kusikiliza pamoja, na kuwaandikia watangazaji

Kukiwa na mahali pamoja tu panaposhika, pafanyeni pa wote. Wekeni redio bora na antena pale, mkubaliane nani atasikiliza taarifa ya hali ya hewa na ya afya. Anaweza kuirekodi kwa simu na kuipeleka wanakoishi wengine. Simu isiyo na mtandao bado inarekodi na kucheza. Wekeni daftari lenye safu nne: tarehe, saa, masafa, ulichosikia. Baada ya majira mawili daftari hilo linawafaa kuliko ratiba yoyote iliyochapishwa, kwa kuwa ni la mahali penu.

Kutoka kwenye daftari hilo waandikieni watangazaji. Wahandisi wa masafa mafupi hawawezi kujua sauti yao inafikaje kwenye bonde lenu mpaka aliye huko awaambie. Wao hutumia alama tano zinazoitwa SINPO, kila moja kutoka 1, mbaya kabisa, hadi 5, nzuri kabisa: nguvu ya ishara, mwingiliano wa vituo vingine, kelele, kupandashuka kwa sauti, na hali kwa jumla. "35433" itamwambia mhandisi kwamba ishara ni ya wastani, hakuna kituo kinachoingilia, kelele ni kidogo, sauti inayumba kiasi, na kwa jumla mnasikia. Saa iandikwe kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika duniani kote. Ukiishi mahali palipotangulia UTC kwa saa tatu, saa tatu usiku yako ni UTC 18:00. Ongeza mambo mawili au matatu yaliyosemwa kwenye kipindi, ili wajue ni wao kweli, na utaje redio na antena uliyotumia. Sentensi moja zaidi nisingeiacha: andika ni watu wangapi husikiliza kwenye redio hiyo moja, na hawana chombo gani kingine cha kupatia habari.